Ufito wa mikono miwili: shajara ya hori, Tanga

Kabla ya tarehe yoyote

Ufito huu wa kuvulia samaki niliupata kwa deni. Mimi ni fundi wa mashine za boti. Mgeni mmoja mwenye boti ya matanga, aliyekuwa akipita Tanga kuelekea kusini, alinilipa nusu kwa fedha na nusu kwa mfuko mrefu wa turubai. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya ufito mweusi, rili ya kukunjia mshipi iliyokwama kwa chumvi, mshipi mzito wa rangi ya chungwa, na kisanduku cha ndoana zilizofungwa manyoya. Ukiviunga vipande vyote unapata futi 13, karibu mita nne. Kishikio kirefu kiko juu ya rili, kifupi kiko chini yake kwenye kitako. Mke wangu aliutazama ulivyojinyoosha kutoka sebuleni hadi jikoni, akauliza utaanika khanga ngapi.

Kwa asiyejua: hii ni kuvua kwa nzi. Nzi ni yale manyoya kwenye ndoana, na hana uzito wowote. Sisi tuliokulia kwenye mshipi wa mkono tumezoea kurusha chubwi, mshipi unafuata. Hapa mambo yamepinduka. Mshipi ndio mzito, ndio unaorushwa, na nzi anaburutwa nyuma yake kama mkia wa tiara.

Mara ya kwanza nilikwenda Raskazone, nikaurusha kwa nguvu zote juu ya kichwa, kusi ikinipiga usoni. Mshipi ulirudi ukanivaa kama shela ya bi harusi. Nikaukunja, nikarudi zangu karakana.

Sikuuuza kwa sababu moja. Kuna hori ninalolijua, limeingia ndani ya mikoko, na wakati wa kujaa samaki hupita katikati ambako mshipi wa mkono haufiki. Ukisimama ukingoni, mikoko iko hatua tatu nyuma yako, kwa hiyo hakuna nafasi ya kurudisha mshipi nyuma. Nilipoanza kutazama video usiku nikagundua kuwa watu wa Uskoti walikuwa na shida hiyohiyo katikati ya karne ya 19, kwenye mto uitwao Spey. Kingo zina miti, samoni wako katikati, mto mpana. Wakabuni namna ya kurusha ambayo mshipi hauendi nyuma moja kwa moja. Unauzungusha, mkia wake unagusa maji kando yako, tumbo lake linajikunja nyuma ya bega mfano wa herufi D, kisha unausukuma mbele. Kile kipande kinachogusa maji wanakiita nanga. Neno hilo pekee lilinitosha. Nikaenda kununua daftari. Tarehe zake nahesabu kwa mwezi wa angani, maana ndio unaotawala maji: "mwezi 5" ni siku ya tano tangu uandame.

Jumatano, mwezi 5. Mizani ya sonara

Rili imefunguka kwa mafuta ya taa na subira. Haina ubovu, ni uchafu tu. Vipande vya ufito nimevipaka nta ya mshumaa pale vinapoingiliana, visiumane.

Mshipi wa chungwa ni namba 12, ndiyo namba ya uzito wake, na umepasuka ngozi katikati. Mpya sina fedha yake, na hata ningekuwa nayo hapa Tanga hauuzwi. Lakini wazee wa mchezo huu walikuwa wakikata mishipi mizito na kutengeneza vichwa wao wenyewe: kipande kizito kifupi mbele, nyuma yake unaunga mshipi mwembamba unaoteleza. Kila ufito una uzito unaoupenda. Huu wangu umeandikwa namba 8, na kwa wa mikono miwili namba hiyo inataka kichwa cha gramu 33 au 34 hivi. Namba 8 ya ufito wa mkono mmoja ni habari nyingine kabisa, nyepesi zaidi ya nusu. Hilo lilinichanganya siku mbili nzima.

Nikakata mita 13 na nusu za upande ulio mzima, nikaviringisha, nikaenda kwa sonara Ngamiani. Alidhani nimeleta cheni. Akaweka lile rundo la chungwa kwenye mizani yake ya dhahabu: gramu 36. Nikatoa kisu nikakata nusu mita palepale juu ya kioo chake. Tena: 34 na pointi. Nikakata kidogo zaidi, akanizuia mkono, "Hapo, hapo." Hakunitoza kitu ila alitaka kujua nitauza kwa nani.

Nyuma ya kichwa nimeunga nailoni nene ya kuvulia nguru. Kwanza niliifunga kwenye mnazi nikaivuta mpaka ikaacha kujikunja.

Alhamisi, mwezi 6

Nilijaribu kwenye nyasi pale Tangamano. Haifai. Nyasi haishiki mkia wa mshipi kama maji yanavyoushika, nanga inateleza, kila kitu kinanirukia. Niliwapatia watoto wa mtaa burudani ya bure. Basi.

Jumamosi, mwezi 8. Maji mafu

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa horini na mpwa wangu, aliyekuja kupiga picha kwa simu. Mbele nimefunga uzi wa sufi mwekundu badala ya ndoana.

Niandike jinsi hori lilivyokaa, maana litarudi. Nikilitazama, bahari iko kushoto kwangu. Maji yakijaa yanakwenda kulia, yakipwa yanakwenda kushoto. Leo ni maji mafu, yaani kujaa na kupwa ni kudogo, na kwa kawaida yetu asubuhi ya maji mafu maji hujaa mpaka kama saa nne. Yalikuwa yakipita polepole kuelekea kulia, hakuna upepo. Mwanafunzi asingepata darasa bora.

Mrusho wa kwanza kujifunza ni ule wanaouita Spey mbili. Mshipi umelala kulia, unakofuata mkondo. Unainua ncha taratibu, unaipeleka kushoto mpaka mshipi ulale mbele yako, huku mkia ukiwa bado majini upande wa kulia. Halafu unaizungusha ncha kurudi kulia na nyuma kidogo, maji yanachanika sauti kama kitambaa, tumbo linajaa nyuma ya bega la kulia, unasimama kidogo, unarusha. Hauna haraka. Mkia unakusubiri majini.

Saa nzima sikupata hata mmoja. Mshipi ulikwenda mbele ukaporomoka chungu nzima, pima nne kutoka miguuni pangu. Nikaongeza nguvu, ikawa pima tatu.

Mpwa wangu ndiye aliyeliona. Alinionyesha kwenye simu, polepole: "Mjomba, mkono wa juu unasukuma. Wa chini umeuweka tu kama mgeni." Kweli. Kazi ni ya mkono wa chini. Wa juu ni egemeo, haufanyi zaidi ya kubeba. Wa chini ndio unaovuta kitako kuja tumboni, kifupi na kwa ghafla, na ncha inaruka mbele yenyewe. Nikashika kishikio cha juu kwa vidole viwili tu, ili kisiweze kusukuma hata kikitaka. Mshipi ukafunguka. Haukwenda mbali, pima saba labda, lakini ulifunguka wote, na ule uzi mwekundu ukashuka mwisho kabisa, peke yake, kama jani.

Tulinyamaza wote wawili. Halafu nikaharibu mingine thelathini.

Jumamosi, mwezi 15. Bamvua

Juma moja tu na hori si lilelile. Asubuhi ya bamvua maji yamejaa tangu saa kumi alfajiri, na ukifika pamekucha yanatoka kwa fujo kwenda kushoto. Hapa kwetu bamvua kubwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yote yale yanapita mbele ya miguu yako. Umande nao ulikuwa unavuma kutoka bara, yaani kutoka kulia kwangu.

Mzee wa kimia alikuwepo. Huyu huja na wavu wake begani na ndoo, anatembea kwenye tope kana kwamba ni saruji. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza, "Fundi, hiyo ni ya kuangulia maembe?"

Spey mbili ya bega la kulia haikuwezekana, maana sasa mshipi umelala kushoto. Nikaamua Spey moja: unauinua kutoka kushoto, unaupitisha mbele yako kwenda kulia, mkia unagusa maji urefu wa ufito mmoja kando yako, na palepale unarusha. Huu ndio mrusho wenye haraka. Nanga inagusa na kuondoka. Ukichelewa inazama, ukiwahi haishiki.

Nilipata miwili mizuri. Kisha tamaa. Nikaukata ule uzi mwekundu, nikafunga ndoana yenye manyoya meupe. Mrusho wa tatu upepo uliusukuma mshipi juu yangu na ndoana ikaingia nyuma ya bega la kulia, mpaka kwenye pindo.

Mzee aliweka ndoo chini. Akapitisha uzi kwenye pindo la ndoana, akajizungushia mkononi, na kwa kidole cha mkono wa pili akalikandamiza jicho la ndoana lilale kwenye ngozi. Akaniuliza, "Ile mashine ya shemeji yangu imekuwaje?" Nilipofungua mdomo kumjibu akavuta. Ikatoka kama ilivyoingia, tone moja la damu. Nilikwenda kuchoma sindano ya pepopunda, na tangu siku hiyo kila ndoana naiminya kijino chake kwa koleo kabla haijaona maji.

"Wewe unarusha upepo ulipo," alisema. "Mimi hata wavu siutupi hivyo."

Jumapili, mwezi 16. Nyumbani, bega linauma

Nimekaa na daftari nikachora mraba, nikaugawa vyumba vinne. Juu: maji yanajaa, maji yanapwa. Pembeni: umande kutoka kulia, kusi kutoka kushoto.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki. Tumbo la mshipi likiwa upande unaotoka upepo, upepo unakuletea ndoana mwilini. Likiwa upande wa pili, upepo unakuondolea. Kwa hiyo upepo ndio unaochagua bega. Umande, bega la kushoto. Kusi, bega la kulia. Hapo hakuna mjadala.

Maji yenyewe yanachagua mrusho. Kama bega ulilopangiwa liko upande maji yanakokwenda, ni Spey mbili. Kama liko upande yanakotoka, ni Spey moja. Jana maji yalikwenda kushoto na upepo ulitoka kulia. Jibu lilikuwa Spey mbili ya bega la kushoto, nami nikafanya Spey moja ya kulia. Ndoana ilinisahihishia daftari.

Kwenye vitabu vyao vyumba hivi vinne vinagawanywa na kingo. Mvuvi wa Uskoti akitaka mkondo uende upande mwingine itabidi avuke mto. Mimi sihitaji kuvuka. Nikisubiri saa sita, mto unageuka wenyewe. Na nikija kila Jumamosi alfajiri, juma hili bamvua na linalofuata maji mafu, hori linanigeuzia mkondo bila kuniuliza kama niko tayari.

Ubaya wake ni kwamba hakuna tena kujificha kwenye bega la kulia.

Jumamosi, mwezi 22. Maji mafu

Maji yanajaa kwenda kulia, umande kidogo. Chumba cha kwanza: Spey moja, bega la kushoto, mkono wa kushoto juu.

Nilitegemea maafa. Mkono wangu wa kushoto hauwezi hata kufungua soda. Lakini nilikulia Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani, na kabla sijajua mashine nilikuwa mtoto wa mtumbwi. Ukipiga kafi upande mmoja unachoka, unahamia wa pili, mikono inabadilishana yenyewe bila kufikiri. Nilipoukamata ufito kushoto juu, kulia chini, mwili ukasema: haya, tumehamia upande.

Lakini kafi hilohilo limenidanganya pia. Kwenye kafi mkono wa juu unasukuma kwa nguvu, na ndipo nilipojua ugonjwa wangu wa mwezi 8 ulitoka wapi. Nimekuwa nikipiga kafi hewani. Dawa niliyoipata ni kuugeuza mtumbwi kichwani: mkono wa chini ndio uwe mwenye nguvu, wa juu ndio ufuate. Na mkono wa chini leo ni wa kulia, ule wenye akili. Kwa hiyo bega la kushoto, nililoliogopa, limekuwa bora kuliko la kulia. Nimepima kwa kamba yenye mafundo: pima kumi, mara tano mfululizo. Kulia sijawahi kuzidi nane.

Mzee wa kimia akanipa somo lake bila kuombwa: nizungushe kiuno, kama yeye anavyoufungua wavu. Nikamjaribia kwa heshima. Mshipi ukaenda mviringo ukatua kwenye mkoko. Kimia kinataka mzunguko kwa sababu lazima kifunguke duara, na mshipi unataka njia iliyonyooka, tumbo liwe kinyume kabisa na unakolenga. Sikumwambia. Nilipanda mkokoni kimyakimya.

Neno lake jingine, hata hivyo, nimeliandika kwenye jalada la daftari. "Wavu ukiutupa unaanguka. Ukiuachia unakwenda." Alikuwa anazungumzia mkono ulio mwisho kuachia. Mimi nimelichukua kwa ajili ya ncha: isimamishe juu, iache. Ukiiteremsha na mshipi unateremka.

Jumamosi, mwezi 29

Nusu saa tu. Kulikuwa na mashine ya mtu inasubiri na mvua ilikuja. Kipande cha ncha kilichomoka kikaruka na mshipi majini, maana kuzungusha kote huku kunalegeza maungio taratibu bila wewe kuona. Kilinusurika kwa sababu mshipi umepita kwenye pete zake. Sasa maungio yote yana solotepu nyeusi ya umeme. Mgeni angeweza kuniambia.

Jumamosi, mwezi 6

Hii ndiyo siku niliyokuwa naingoja bila kujua. Maji yalikuwa yanajaa nilipofika, na kwa hesabu yangu yangesimama kama saa mbili. Kwa hiyo ningekuwa nimesimama mahali pamoja wakati hori linageuka.

Mpaka saa mbili kasoro: Spey moja ya kushoto. Umande mwembamba. Pima kumi na moja, na nailoni inateleza vidoleni kwa sauti ninayoanza kuipenda.

Kisha maji yakasimama. Majani ya mkoko yaliyokuwa yakisafiri yakabaki yanazunguka palepale. Nilirusha, mshipi ukalala mbele na haukwenda popote. Sikuwa nimefikiria ni kiasi gani nautegemea mkondo kuninyooshea mshipi baada ya kila mrusho. Yakisimama, mshipi unalegea, unainua uzembe mtupu. Ikabidi niuvute kwa mkono nione umekaza ndipo niinue. Ilikuwa katika kuvuta huko, si katika mrusho wowote wa kujivunia, ndipo kitu kikagonga.

Kilikwenda kulia kwa kasi, rili ikapiga kelele, ufito wote ukapinda mpaka kwenye kishikio. Nikamwona mara moja karibu na uso wa maji: mwembamba, wa fedha, taya mbele. Msusa, mzia mchanga, hazidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni. Halafu mshipi ukalegea. Nailoni ya mbele ilikuwa imekatwa safi kama kwa wembe. Kila mtoto wa Tanga anajua meno ya mzia, na mimi niliyetumia mwezi mzima kusoma habari za samoni nilisahau kufunga waya.

Mzee wa kimia alikuwa ameona yote. Hakusema neno. Alisogea hatua tano kando yangu, akaufungua wavu mara moja, akautoa na mkizi kama kumi na mbili wakirukaruka, mbele ya miguu yangu hasa, mahali ambapo mshipi wangu unapita juu kila siku kwenda kutafuta katikati. Mkizi hula mwani na uchafu wa tope, nzi wangu hawamhusu, kwa hiyo sikuwa nimekosea kitu. Nililieleza hilo kwa kirefu. Akanipa wanne.

Saa mbili na robo majani yakaanza kwenda kushoto. Nikahamia Spey mbili ya bega lilelile la kushoto. Mara tatu niliivuruga kwa kusahau kuwa sasa haraka imekwisha. Ya nne ikaenda. Ilipofika saa tatu umande ulikufa, kusi ikaanza kunigusa shavu la kushoto, nikabadilisha mikono, Spey moja ya kulia, mrusho uleule ulioniingiza ndoana mwezi 15. Safari hii upepo ulilichukua tumbo la mshipi ukaliweka mbali nami. Pima tisa. Kulia bado kunadai.

Vyumba vitatu vina alama ya vema. Kilichobaki ni kujaa na kusi: Spey mbili ya kulia, ile niliyoanzia nayo, ila siku ile hapakuwa na upepo.

Jumamosi ijayo ni mwezi 13. Maji yatapwa mpaka kama saa moja na nusu kisha yaanze kujaa, na kusi ikija saa tatu itayakuta yanakwenda kulia. Waya nimeununua, futi mbili zinatosha. Mbuzi wa jirani amenipa manyoya meupe ya mkia. Mke wangu anasema nikirudi nipitie dukani, nazi zimekwisha, na mkizi wanne hawapikwi kwa maji.